Yule bwana wa dirisha: kwa nini filamu bubu za vichekesho hazichuji

Mkuu, umeuliza watu wanaona nini kwenye vichekesho visivyo na sauti vya karibu miaka 100 iliyopita. Nikujibu kwa niliyoyaona nyumbani.

Mzee wangu ni seremala. Picha hazikumshughulisha kabisa. Utotoni tulikuwa tukitoka kibanda cha video tunamsimulia Jackie Chan alivyodondoka kutoka mnara wa saa, naye anaendelea kupiga randa. Ukubwani nikamwonyesha kwenye simu kipande cha filamu bubu Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928. Dhoruba inavuma, mchekeshaji Buster Keaton kasimama kaipa nyumba mgongo. Ukuta mzima wa mbele unamwangukia. Dirisha la juu, lililokuwa wazi, linapita pale pale aliposimama.

Mzee akaweka randa chini. "Rudisha." Nilirudisha kama mara tano. Mwisho akasema, "Ukuta una bawaba chini. Waliulaza kwanza, wakampima humo, ndipo wakatengeneza dirisha."

Baadaye nikasoma maelezo ya Keaton mwenyewe: ni hivyo hivyo. Fremu ililazwa, dirisha likaundwa kumzunguka, likaachwa inchi 2 kila bega, na misumari ikapigiliwa ardhini mahali pa visigino. Mzee aliisoma kazi ya mafundi wa California bila mkalimani.

Aliweza kwa sababu kamera imetulia mbali. Unamwona mtu utosi hadi viatu, na ukuta wote, bila picha kukatwa. Siku hizi mtu akiruka wanakata mara sita kabla hajatua, moyo wangu haushtuki. Na Keaton hacheki! Alilijua hilo tangu utotoni, akipanda jukwaani na wazazi wake: akinuna, watazamaji ndio wanavunjika mbavu.

Mtazame pia mchekeshaji mwenzake, Harold Lloyd, akining'inia kwenye saa ya ghorofani, 1923. Mkono wa kulia umevaa glavu, maana dole gumba na kidole cha shahada vilikatwa na bomu alilolishika akipigwa picha mwaka 1919. Alipanda hivyo hivyo.

Kesho yake jioni mzee akaniuliza kama yule bwana wa dirisha ana nyingine. Nikamwekea The General ya 1926, pale treni ya kweli inapotumbukia mtoni daraja likiungua. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza daraja lile lilijengwa kwa mbao gani.