Mfumuko umeshuka, mbona sokoni bei hazijashuka? (jibu kwa mleta mada)

Mkuu umeuliza kama NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wanatudanganya, wanasema mfumuko wa bei 2024 ulikuwa wastani wa 3.1% na wewe ukienda soko la Mgandini huoni kilichoshuka. Hawajadanganya. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda, sio bei yenyewe, kasi ikipungua bei bado zinapanda ila polepole, na kilichopanda mwaka juzi kinabaki hukohuko juu. Ili bei zenyewe zishuke lazima hiyo namba iende chini ya sifuri.

Mi hili nililijua kwa maumivu. Niliajiriwa mwishoni mwa 2010 karani wa stoo kwenye kampuni moja hapa Tanga, mkononi laki mbili na nusu, tumepanga Ngamiani na watoto wawili. 2011 mgao wa umeme ulikuwa mkali, mafuta juu, vyakula juu, shilingi nayo hoi mbele ya dola, Desemba mfumuko ukafika 19.8%. Desemba 2012 ukawa 12.1%, Desemba 2013 5.6%. Redioni tunaambiwa unashuka na kweli ulikuwa unashuka, lakini zidisha hizo namba tatu (1.198 × 1.121 × 1.056, usijumlishe, kila mwaka unapandia juu ya bei za mwaka uliopita), vitu vya 100,000 vikawa vinataka kama 141,800. Mshahara wangu miaka yote mitatu haukuguswa. Yani ile laki mbili na nusu ikawa inanunua vitu vya laki na elfu 76 hivi, na hakuna aliyenikata hata senti, ndo maana hata kulalamika sikujua nianzie wapi.

Nyumbani ilionekana kwenye nazi. Wali wetu ulikuwa wa nazi mbili, mama watoto akaanza kutia moja na kukamua chicha mpaka mara ya tatu, samaki changu tukamsahau tukahamia dagaa, maandazi ya jirani yakabaki bei ileile ila yakawa madogo mtoto anamaliza mawili na bado ananiangalia. Ile iliniuma sana.

Alafu kapu la NBS, yani orodha ya bidhaa na huduma wanazopimia mfumuko, ni la nchi nzima, chakula humo hakifiki hata theluthi ya matumizi. Sisi wa kipato cha chini chakula kinameza nusu ya hela au zaidi, kwahiyo mchele na unga vikipanda kwa kasi kuliko vitu vingine mfumuko wa nyumbani kwako unakuwa mkubwa kuliko huo wa taifa.

Januari 2014 nikaenda kwa bosi na daftari la matumizi, akaniongeza elfu 30. Nilimshukuru kwa moyo, lakini ili nirudi nilipokuwa siku naajiriwa ilitakiwa nipate kama 354,500, so kila mwezi nilikuwa bado nimepungukiwa elfu 74 na mia tano. Na we mdau mwingine uliyechangia hapo juu unashangilia nyongeza ya mshahara ya 5%, angalia kwanza mara ya mwisho uliongezwa mwaka gani, hesabu inaanzia hapo.