Michezo na mapumziko ya nje Unguja kwa anayehamia kutoka bara

Dada yangu, asalaam aleikum, na karibu sana Unguja. Umeandika kwamba unahama kutoka Eldoret kuja kufanya kazi mjini kwa mkataba wa miaka miwili, ukiwa na wanao wawili, na kwamba umezoea kukimbia kila asubuhi. Umeambiwa kuwa michezo ya nje huku ni ya watalii wenye fedha, na kuwa mwanamke akionekana anakimbia barabarani atasemwa. Mwisho umeuliza kama uje na baiskeli yako. Mimi nilihamia hapa kutoka Nakuru kwa kibali cha kazi kama utakavyokuja wewe, na ninaishi upande wa Mazizini. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nimewaona wenzetu wengi wa kutoka bara wakijifungia ndani ya uzio hadi mkataba unakwisha, wakaondoka bila kuifaidi nchi hii nzuri.

Hofu ya kusemwa iweke kando. Zanzibar ina utamaduni mkubwa wa mazoezi ya viungo, na hauko hotelini bali mitaani. Kila Januari Mosi huadhimishwa siku ya mazoezi kitaifa, ambapo vikundi vya Unguja na Pemba hukusanyika na viongozi wa Serikali hutembea pamoja nao. Kwa mwaka mzima vikundi hivyo ndivyo utakavyovisikia alfajiri, hasa mwisho wa wiki, kabla hujaviona: filimbi ya kiongozi, kisha nyimbo, kisha safu mbili za watu waliovaa fulana za rangi moja wakikimbia polepole kando ya barabara, na mtu wa mwisho akipeperusha kitambaa chekundu ili magari yapunguze mwendo. Katika kikundi ninachokimbia nacho wamo kina mama wenye umri wa mama zangu, wamejifunga mitandio na kuvaa raba. Wakichoka hutembea, na sisi tukifika uwanjani tunawasubiri, kisha tunanyoosha viungo kwa duara sote pamoja. Baada ya hapo hutolewa taarifa: nani anaumwa, nani amefiwa, nani anaoa. Siku nilipougua homa, waliokuja kubisha hodi na uji wa pilipili manga hawakuwa wafanyakazi wenzangu bali wanamazoezi.

Namna ya kujiunga ni rahisi. Ukihamia mtaani ni lazima ujitambulishe kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa) yako. Ukiwa hapo mbele yake muulize kikundi cha mazoezi kilicho karibu na kinapokutana. Utanunua fulana, utatoa mchango mdogo wa kila mwezi, na utakuwa umepata ndugu. Nakusihi usianze na chumba cha mazoezi cha kulipia. Nimejaribu vyote viwili, na ninaamini kabisa kuwa mgeni anayeanza na kikundi cha mtaa huizoea Zanzibar mapema zaidi kuliko anayeanza na kadi ya uanachama.

Kuhusu mavazi, suruali pana ya michezo inayofika kwenye kifundo cha mguu na fulana ndefu ya mikono vinatosha. Si lazima ufunike kichwa ikiwa si Muislamu, ingawa kofia itakusaidia kwa jua. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Ukitoka kwenye maji na kuingia kijijini, jifunge kanga au vaa dera, hata kama duka uendalo liko hatua chache tu, na hata kama utawaona watalii wamepita hapo wakiwa nusu uchi. Wenyeji hawatakwambia neno, lakini wanaona, na heshima unayoionyesha hapo ndiyo itakayowafanya wakuitie watoto wao waje kucheza na wa kwako.

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na huku tuko kwenye usawa wenyewe, kwa hiyo utajikuta una pumzi nyingi. Kitakachokuchosha ni unyevu wa hewa, kwa kuwa jasho halikauki mwilini na joto halipati pa kutokea. Kimbia baada ya Alfajiri, maliza kabla jua halijapanda, na mwezi wa Februari na Machi upunguze mwendo. Julai na Agosti utafurahi.

Sasa nije kwenye bahari, ambayo ndiyo hasa ninayotaka uielewe. Anayetoka bara huja akidhani kwamba bahari ipo muda wote, akapanga safari ya Jumapili kwenda pwani ya mashariki, akafika saa nne asubuhi na kukuta maji yamekwenda mbali hadi kwenye mwamba na mbele yake ni mchanga mtupu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na kujaa sana karibu na saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye huwa maji mafu, ambapo yanajaa mnamo saa nne lakini kwa kiasi, na yakipwa hayaendi mbali. Watu wa hapa wanahesabu miezi ya Kiislamu, basi akikwambia leo ni tarehe 15 ya mwezi, amekwishakwambia pia bahari itakavyokuwa. Jifunze hesabu hiyo na hutahitaji kumuuliza mtu. Kwa kuogelea wakati wowote wa siku, nenda Nungwi au Kendwa kule kaskazini, ambako maji hayakimbii mbali. Lakini usiogelee peke yako, kwa sababu mkondo wa kaskazini una nguvu.

Maji kupwa nayo yana raha yake, na kwangu mimi ndiyo raha kubwa kuliko zote. Kutoka Bwejuu kupita Paje hadi Jambiani mchanga huwa mgumu kiasi cha kubeba baiskeli, na unaweza kwenda mwendo mrefu bila kukutana na gari hata moja. Kina mama huwa katikati ya maji ya magotini wakifunga mwani kwenye kamba zilizotandwa baina ya vijiti, na wanaorudi wamebeba mafungu mabichi kichwani, maji yakiwatiririka mabegani. Yale ni mashamba yao. Usipite juu ya kamba, usiwaruhusu watoto wang'oe vijiti kwa mchezo, toa salamu, na kwa aliyekuzidi umri sema shikamoo kabla ya neno jingine lolote. Vaa viatu, kwani kwenye mawe kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni.

Huko Jambiani ndiko nilikojifunza ngalawa, kwa mzee mmoja mvuvi ambaye hakunitoza kitu, isipokuwa nilimletea majani ya chai ya Kericho kila nilipotoka nyumbani. Ngalawa yake ni gogo la mwembe lililochongwa, lenye matengo mawili, yaani mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, na tanga moja. Kazi niliyopewa mwanzo ilikuwa ni kukaa joshini, yaani upande unakotoka upepo, juu ya mti wa tengo, ili uzito wangu uizuie isilale. Upepo ukikaza nasogea nje, ukilegea narudi ndani, na macho yangu yasiondoke kwenye mkono wake ulioshika demani, kamba ya kuongozea tanga. Mwaka huku una pepo mbili, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na kusi katikati ya mwaka, na baina yake kuna maleleji, ambapo bahari hutulia na anayeanza hupata nafasi ya kujifunza. Sikukuu na matamasha huwa na resi za ngalawa. Usikose kwenda kuangalia, na ukimjua nahodha mmoja tu utapiga kelele kama umezaliwa kijijini hapo.

Michezo ya kulipia ipo. Paje ni mahali maarufu pa kuteleza juu ya maji kwa tiara, na mafunzo yake ni ghali. Msitu wa Jozani, wenye kima punju na njia ya mbao ndani ya mikoko, unafaa kwa watoto asubuhi moja. Popote uendapo chukua kibali chako cha ukaazi, kwa kuwa nauli ya boti ya mkaazi na ya mgeni hazilingani, na hoteli nyingi nazo hufanya hivyo.

Watoto wako watapata mpira jioni ya kwanza tu, bila ya wewe kufanya lolote. Kama ni wasichana, huenda wakaitwa kwenye nage, mchezo wa mpira wa wasichana. Wafundishe kuogelea mapema na mtu mzima awe majini nao. Mwezi wa Ramadhani mazoezi ya hadharani hupungua, na usinywe maji wala kula njiani mchana. Mimi mwezi huo hutembea usiku baada ya tarawehe, wakati mji mzima uko nje na watoto wanakimbizana vichochoroni.

Kuhusu baiskeli, kama ni ya thamani iache nyumbani. Mjini zinauzwa zilizotumika, na kwa mchanga wa pwani unahitaji yenye matairi mapana na gia chache. Kila ukitoka ufukweni ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo na upake mnyororo mafuta, kwa sababu chumvi huanza kuila usiku uleule. Ukifika niandikie hapa shehia utakayokaa, nami nitakuulizia kikundi cha huko.