Wafanyakazi Tisa, Kazi Hadi Saa Tatu Usiku

SWALI: Kampuni yetu ya kusambaza bidhaa madukani ina mwaka mmoja na nusu na wafanyakazi tisa. Tunaingia saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na kutoka saa tatu usiku. Siku hizi oda zinakosewa sana na wawili wameacha kazi. Fedha ya kuongeza mishahara sina. Nifanyeje?
Mkurugenzi, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu mkurugenzi, anza na saa za kazi. Ukitoa saa moja ya chakula, watu wako wanafanya kazi saa 12 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu: lazima mkubaliane, zisipite 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Zako zinafika 60.

Piga hesabu ya anayelipwa 780,000 kwa mwezi. Gawa kwa 195 (wiki 4.333 mara saa 45), unapata 4,000 kwa saa, ovataimu ni 6,000. Kwa saa 60 unadaiwa 360,000 kwa mtu mmoja, kila wiki nne. Kwa hiyo usiku huo si wa bure hata kidogo.

Kazi za namna yenu huchelewa kwa sababu oda zinaingia WhatsApp mchana kutwa, na gari lililokwisha kupakiwa linapakuliwa ili kuongeza katoni tatu za duka moja. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Funga kupokea oda saa tisa alasiri. Itakayochelewa iende kesho. Wateja watalalamika wiki mbili za mwanzo, usilegeze. Mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kubadili oda, na wewe mwenyewe upitie kwake. Wakurugenzi wengi hukwama hapa: wanampigia dereva moja kwa moja, stoo haina habari.

Anayepanga mzigo asiwe anayeuhakiki. Mwingine asimame mlangoni na ankara, ahesabu katoni kabla hazijapanda garini.

Kila kosa liandikwe: bidhaa, idadi, saa. Lipitieni Ijumaa kwa dakika 20. Usikate mshahara wa aliyekosea, maana kuanzia siku hiyo makosa yatafichwa, nawe utayasikia kwa mwenye duka.