Mkono ukiwa kiunoni, taya inalindwa na nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mkanda wa kahawia wa Goju-Ryu, mtindo wa karate, nafanya mazoezi hapa Makorora, Tanga. Juzi nilicheza raundi chache na jamaa yangu wa Ngamiani anayejifunza ngumi. Hajamaliza hata mwaka. Kila nikipiga na kurudisha mkono wa pili kiunoni kama tulivyofundishwa, ananipata taya. Kichwa kiliniuma hadi kesho yake. Huo mkono wa kiunoni una kazi gani? Au kata, ile mipangilio ya mapigo tunayoicheza peke yetu, ni ngoma tu, nihamie ngumi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwanza kichwa. Maumivu yanayolala nawe hadi asubuhi si ya kupuuza. Usipigane tena mpaka daktari akuangalie, na ukirudi vaa kinga ya meno na glovu za wakia 16, mpigane kwa nguvu ndogo.

Sasa mkono. Kitendo hicho ni hikite, na kazi yake ni kuvuta. Mkono haurudi kiunoni mtupu: umeshika kifundo cha mkono au nguo ya mpinzani, unamleta kwenye ngumi yako akiwa ameyumba. Mkono wake ulioushika hauwezi kukupiga, na hata ukifumba macho unajua kichwa chake kiko upande gani. Lakini wewe ulivuta hewa, ukiwa mbali na mtu ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa huru. Jamaa yako alifanya ambacho bondia yeyote angefanya.

Tulifikaje kwenye kuvuta hewa? Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu Itosu Anko aliingiza karate katika shule za Okinawa, visiwa vya Japani ilikotoka karate. Watoto wengi, mwalimu mmoja, shabaha ni afya na nidhamu. Kwa hiyo wakapangwa safu, wakapiga kwa hesabu. Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, alipoipeleka Tokyo mwaka 1922, mafunzo ya safu yakazidi kushika mizizi. Umbo likahifadhiwa vizuri, ila mtu wa kushikwa akaondoka.

Sisi wa mwambao hatupaswi kupata tabu kulielewa hili. Kirumbizi huchezwa kwa fimbo na mdundo wa ngoma, na mchezaji hodari ana jicho na miguu ya kweli. Hata hivyo, hakuna mzee atakayekwambia kucheza vizuri harusini kunatosha kumkabili mwenye rungu gizani.

Aliyeliona tatizo hili mapema ni Kano Jigoro. Alipoanzisha judo mwaka 1882, mbinu za hatari aliziweka kwenye kata, na kwenye randori, yaani mapambano huru ya mazoezi, akabakiza zile ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote dhidi ya mwenzake anayekataa. Nasikia walimu wakijisifu kwamba mbinu zao ni hatari mno kufanyiwa mazoezi. Siwakubalii hata kidogo. Mbinu ambayo hujawahi kumfanyia mtu anayekataa, bado huijui. Novemba 1993 mjini Denver, Marekani, kwenye shindano la kwanza la UFC, lililokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali, Mbrazil Royce Gracie aliwashinda wapinzani watatu usiku mmoja kwa jiu-jitsu ya Brazil, ambayo chimbuko lake ni hiyo judo. Hakuwa na siri. Alilelewa katika kukabana na watu wanaokataa.

Usidhani karate imekufa. Lyoto Machida, aliyekulia kwenye Shotokan, mtindo mwingine wa karate, alitwaa ubingwa wa UFC mwaka 2009 kwa kucheza na umbali, ingawa alijifunza pia kukabana.

Tena kila mchezo una sheria zake. Kwenye fainali ya karate ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alimzimisha Sajad Ganjzadeh wa Iran kwa teke la kichwa, na dhahabu ikaenda kwa aliyezimia, kwa sababu sheria zinataka pigo lidhibitiwe. Ngumi nazo zina zake: mkishikana, refa anawatenganisha. Na hapo hapo anapowatenganisha ndipo Goju-Ryu, karate ya karibu na ya kushika, inapoanza!

Kwa hiyo usihame, ongeza. Nenda Ngamiani ujifunze jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, miguu na kulinda kidevu. Mkiwa mbali, mikono ikae karibu na taya kama ya bondia. Hikite ingoje mpaka mikono yenu iguse. Huko dojoni, kwenye ukumbi wenu wa karate, fanya kakie, zoezi la watu wawili wanaogusana mikono, kila wiki, lakini si ile ya kusukumana taratibu kwa kupokezana. Mwambie mwenzako avute, ajinasue, akupige kwa mkono ulio huru. Mara ya kwanza utashindwa kushika chochote, maana mkono wenye jasho unateleza. Shika karibu na kiwiko. Ukizoea, chukua kipande kimoja cha Seiyunchin, mojawapo ya kata za Goju-Ryu, si kata nzima, ukijaribu hivyo hivyo.

Siku ya mtihani wa mkanda rudisha mkono kiunoni kama mtahini anavyotaka. Halafu mfuate mwalimu wako pembeni, kwa adabu, umpe mkono wako aushike, umwombe akuonyeshe anauvuta wapi.