Wake wa Kikorea wa wanajeshi wa Marekani: maswali yenu kuhusu uraia na watoto

SWALI: Naishi Lakewood, Washington, karibu na kambi ya Lewis-McChord. Kaka yangu ni mwanajeshi hapo, mkewe Mkorea. Mtoto wao wa kiume alizaliwa hapahapa Marekani mwaka 2010. Wifi kasikia kanisani kwamba mwanawe anaweza kudaiwa utumishi wa lazima katika jeshi la Korea Kusini. Mtoto mwenyewe hata Kikorea hajui. Ni kweli?

JIBU: Inawezekana kabisa, dada. Muulize wifi kwanza: siku anajifungua, alikuwa raia wa nchi gani? Tangu Juni 1998, sheria ya Korea Kusini humpa mtoto uraia kupitia mama pia, si baba peke yake kama zamani. Kama wifi alikuwa hajaapa uraia wa Marekani, mtoto ni Mkorea tangu kuzaliwa, hata kama jina lake halijawahi kuandikishwa huko. Kama alishaapa, uraia wake wa Korea ulikoma siku ileile na mtoto hahusiki. Ila aende ubalozini kuripoti kwamba alishaupoteza, maana asipofanya hivyo daftari la familia la Korea, ambamo serikali huandikisha raia wake, litaendelea kumhesabu raia, na mwanawe atashukiwa bure.

Ikiwa mtoto ni raia, aukane uraia huo kabla ya kupita tarehe 31 Machi ya mwaka anaotimiza miaka 18. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu Korea huangalia mwaka wa kuzaliwa tu. Wa Januari 2010 na wa Desemba 2010 wote mwisho wao ni 31 Machi 2028, na huyo wa Desemba atakuwa bado na miaka 17. Akichelewa, kwa kawaida hawezi kuukana mpaka suala la jeshi liishe, na dai hilo humfuata hadi miaka 37. Hakuna atakayekuja kumkamata Lakewood. Shida huanza siku anapotaka kwenda kusoma au kufanya kazi Korea. Tangu Oktoba 2022 kuna kibali maalumu kwa waliochelewa wakiwa na sababu ya maana, lakini kinapitia kamati. Usikitegemee.

Kazi inafanyika ubalozi mdogo wa Korea ulioko Seattle, kwa mpangilio huu: ndoa ya wazazi iandikishwe Korea, kisha kuzaliwa kwa mtoto, ndipo kukana uraia. Hatua moja haiendi kabla ya nyingine, kwa hiyo waanze angalau mwaka mzima kabla. Wabebe cheti cha kuzaliwa na tafsiri yake ya Kikorea, cheti cha ndoa, pasipoti za wote watatu, na hati za mama za daftari la familia. Akishafikisha miaka 15, mtoto anaomba mwenyewe.

Kinachokwamisha mafaili ni majina. Korea mwanamke habadilishi ukoo akiolewa. Marekani wengi huchukua wa mume. Halafu ukoo uleule mmoja huandikwa Jung, Jeong au Chung. Kama cheti kina Chung na pasipoti ina Jeong, waambatanishe karatasi inayothibitisha kuwa ni mtu mmoja.

SWALI: Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ni Mkorea mwenye grini kadi (kibali cha kuishi Marekani) ya miaka 2. Mume amepata barua ya uhamisho kwenda Ujerumani kwa miaka 3. Je, kuomba uraia wa Marekani asubiri warudi?

JIBU: Hapana, asisubiri. Kwa kawaida mke wa raia hungoja miaka 3 tangu apate grini kadi. Lakini anayefuatana na mwanajeshi aliyepangiwa kazi nje anaweza kuomba bila kungoja hiyo miaka, kwa kifungu cha 319(b) cha sheria ya uhamiaji na uraia ya Marekani. Anajaza N-400, fomu ya kuomba uraia, na kuambatanisha nakala ya barua ya uhamisho pamoja na fomu DD 1278, hati ya jeshi ya kuthibitisha amepangiwa kazi nje, ambayo kikosi cha mume ndicho kinachoitoa. Bila DD 1278 ombi hukwama.

Asisahau kadi yenyewe. Fomu I-751, ya kuondoa masharti ya kadi ya miaka 2, hupelekwa ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, hata wakiwa nje. Na kila wakihama nyumba Marekani, aiarifu USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, ndani ya siku 10. Barua ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole ikiishia anwani ya zamani, ombi linaweza kuhesabiwa limetelekezwa.

SWALI: Mama mkwe wangu ni Mkorea, mjane wa mwanajeshi, ana miaka 68 na grini kadi tangu 1984. Anataka uraia wa Marekani ila anaogopa mtihani wa Kiingereza. Afanyeje?

JIBU: Hofu ya akina mama wengi wa rika lake, waliolea watoto kambini kwa Kiingereza cha dukani. Mwambie Kiingereza hatapimwa. Mwenye miaka 65 au zaidi aliyekaa na grini kadi miaka 20 anasamehewa lugha, anakuja na mkalimani, na maswali ya uraia (historia na serikali ya Marekani) anajifunza 20 tu. Ataulizwa 10, akipata 6 amepita.

Akiapa atapoteza uraia wa Korea. Lakini kwa umri wake, akirudi kuishi huko moja kwa moja, sheria inamruhusu kuurudisha na kubaki na wote wawili, kwa kuahidi kutotumia ule wa Marekani akiwa ndani ya Korea. Ombi hilo hupelekwa akiwa Korea kwenyewe; ubalozini hawalipokei.