Kabla hujapima dawa ya uzee kwa samaki, pima joto la maji

Wanafunzi wa baiolojia hapa Mombasa wakiniuliza wachunguze uzee kwa mnyama gani, huwaambia samaki wa madimbwi. Panya huishi miaka 2 au 3, na karo nani atalipa muda wote huo? Samaki aitwaye Nothobranchius furzeri, wa madimbwi ya msimu ya Zimbabwe na Msumbiji, hukua, huzaa na kuzeeka ndani ya miezi michache. Dimbwi likikauka wakubwa hufa wote. Mayai hubaki yamelala topeni yakingoja mvua. Jenomu yake, yaani ramani nzima ya jeni zake, ilichapishwa 2015.

Mimi hufuga jamaa yake wa pwani yetu, Nothobranchius palmqvisti. Kilichonifunza zaidi ni kwamba dalili za uzee hudanganya. Samaki mzee hukonda, rangi hufifia, mgongo hupinda. Lakini mwenye njaa naye hukonda, na aliye kwenye maji machafu naye hupoteza rangi. Usipolinganisha malezi, utaandika "uzee" pale penye shida ya chakula tu. Kila samaki mweke chombo chake, mfunike maana huruka, na chakula kiwe kipimo kimoja kwa wote. Madume ukiyaweka pamoja yatapigana, na anayeshindwa hatakula.

Joto ndilo linalosahaulika zaidi. Kwa furzeri, kushusha maji kutoka nyuzi 25 hadi 22 kulirefusha maisha, bila dawa yoyote. Sasa fikiria Mombasa: kundi la kwanza, lisilopewa dawa, ulilee Februari kaskazi ikivuma, la pili, lenye dawa, Julai wakati wa kusi. La pili likiishi zaidi utasifu dawa, kumbe umepima hali ya hewa. Makundi yote yaanze siku moja, chumba kimoja, na rafu zisigawiwe kwa kundi: ya juu huwa na joto kuliko ya chini, kwa hivyo changanya vyombo. Kipimajoto kisomwe asubuhi na alasiri, kiandikwe daftarini, hata siku ya Idi.

Badala ya tope la kutagia mayai, vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa vizuri linatosha, hapa halikosekani. Maji ya mfereji yaache yatulie ili klorini itoke. Ya kisima yaonje kwanza, mengi hapa yana chumvi.

Kibali cha utafiti omba mapema NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Na furzeri wakikuzidi, usiwamwage kwenye madimbwi ya Kwale. Huko kuna samaki wenyeji.