Leseni ya kuvua Dar na Mto Ruvu

Ndugu, umeuliza kama leseni moja inatosha kuvua kwa mshipi baharini Dar na mtoni Ruvu. Leseni ya uvuvi mdogo hutolewa na halmashauri, kwa hiyo muone afisa uvuvi wa huko unakovulia: Kigamboni ina manispaa yake, Ruvu ya upande wa Bagamoyo ni halmashauri nyingine. Kwenye visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, karibu na Dar, usitupe ndoana kabisa. Ni hifadhi tangu 1975, na nakuomba sana uziheshimu, samaki wanazaliana huko. Mimi Kigamboni hushusha mshipi maji yakianza kujaa, chambo kipande cha ngisi; wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, naongeza chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, maana mkondo unavuta. Ruvu fuata kambale, jioni, kwa minyoo.